Herufi za Mjerumani Zavikwa Joho la Kiafrika

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mswada wa ngano alizokusanya kijijini kwao, pamoja na jalada alilochorewa na mchapishaji. Herufi za jalada zilikuwa nene, zenye pembe kali na za kuchezacheza, mithili ya zilizochongwa kwa kisu katika gogo. Nilipomwuliza sababu ya kuchaguliwa hizo, alijibu bila kusita: "Mwalimu, si ndizo herufi za Kiafrika?"

La hasha! Herufi hizo huitwa Neuland, nazo zilitolewa mwaka 1923 na kiwanda cha ndugu wa Klingspor mjini Offenbach, Ujerumani. Aliyeziunda ni Rudolf Koch (1876-1934), bingwa wa hati za mkono. Badala ya kuzichora kwanza karatasini, Koch alizichonga moja kwa moja katika chuma. Kwa vile kila ukubwa ulichongwa upya, maumbo yalitofautiana kidogo baina ya ukubwa mmoja na mwingine. Hapo ndipo ulipo uhai wake. Herufi ndogo hazikuwamo. Zote ni kubwa.

Basi Uafrika wake umetoka wapi? Umetokana na mazoea. Kwa miaka mingi wachapishaji wa ng'ambo walizibandika kwenye majalada ya vitabu kuhusu bara letu. Mwaka 1993 zikatumiwa katika nembo ya sinema ya Jurassic Park, inayohusu dinosau. Msomaji na apime mwenyewe: herufi zinazotangaza wanyama waliotoweka zamani za kale ndizo zinazotangaza ngano za bibi zetu. Ujumbe ni ule ule: pori, ukale na vitisho.

Ferdinand de Saussure alitufunza kwamba uhusiano wa ishara na maana yake ni wa makubaliano tu. Herufi za Koch hazina hatia; nzuri ni nzuri. Tatizo ni makubaliano ambayo sisi hatukushirikishwa, kisha tukayapokea kama urithi wetu.

Urithi tunao. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliandikwa Pate kwa hati ya Kiarabu. Majina ya leso yanasomeka mitaani kila siku. Mafundi wa matatu na vibanda huchora kwa brashi herufi nono, zenye kivuli na mbwembwe, wala hawajaingia darasa la usanifu.

Nilimshauri kijana amwendee fundi wa mabango wa mjini kwao. Mchapishaji akakataa, akidai kuwa wasomaji hawatatambua kwamba kitabu ni cha Kiafrika! Jina la mtunzi, lugha na ngano zenyewe havikumtosha kuwa ushahidi.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kusoma umbo la herufi kabla ya neno. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda ana jina na ana kwao.