Kura ya Kitaifa Hatuna, Lakini Sauti Tunayo

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya swali ambalo linarudi katika familia nyingi: sisi wakimbizi tuna haki ya kuchagua? Kila baada ya miaka 5 Uganda inapoingia kwenye uchaguzi, magari ya kampeni yanazunguka Isingiro na Mbarara na vipaza sauti, picha za wagombea zinajaa ukutani, na watoto wanauliza nyumbani: "Baba, wewe utampigia nani?" Wazazi wengi wanacheka tu, wanabadilisha maneno. Tujaribu kuwapa jibu la kweli.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18. Mkimbizi si raia, kwa hiyo hapigi kura ya rais, ya mbunge wala ya LC. Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika mwaka 2008 badala ya ile ya zamani ya 1960, inatukataza kufanya siasa ndani ya Uganda, iwe siasa ya hapa au ya kupinga nchi yoyote, hata ile tuliyoikimbia. Basi fulana ya mgombea, bango la chama, kazi ya wakala wa kura, hayo tuyaache hata kama mtu ametuletea sukari na sabuni.

Lakini sheria hiyohiyo inaturuhusu kuunda vyama ambavyo si vya siasa na si vya kutafuta faida, na pia kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Wengi wetu tunasikia katazo la kwanza, tunaogopa, na hatufiki kwenye ruhusa hii. Kikundi cha wamama wa akiba, chama cha vijana, umoja wa wenye ulemavu, ushirika wa wakulima: vyote hivyo vina haki ya kukutana na kusema shida zao.

Na uraia je? Hapa Nakivale kuna watu waliozaliwa hapa na sasa wana wajukuu. Katiba haimpi uraia mtoto wa mkimbizi kwa sababu tu amezaliwa Uganda. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba mkimbizi anaweza kisheria kuomba uraia wa tajnisi akitimiza masharti, na moja ya masharti hayo ni kukaa nchini miaka 20. Mlango upo, ila kwa vitendo bado ni mwembamba sana. Kwa hiyo tusingoje uraia ndipo tuanze kusema.

RWC NDIYO KURA YETU

Baada ya mwaka 1986 serikali ya Uganda ilijenga mabaraza kuanzia kijijini. Kwanza yaliitwa RC, na baada ya katiba mpya yakawa LC. Sisi wakimbizi tuna ngazi inayofanana na hiyo: Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, yaani RWC. RWC I ni ya kijiji, RWC II iko juu yake, na RWC III inasimamia makazi yote. Uchaguzi wake unasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, pamoja na HCR. Kuna kiti cha mwenyekiti, na kuna viti vya wanaosimamia mambo ya usalama, wanawake, vijana na mengineyo.

Mwenyekiti wa RWC ndiye unayemgongea usiku ugomvi ukitokea. Ndiye anayesikiliza kesi ya mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, foleni ya maji iliyoleta matusi. Ndiye anayepeleka shida yako kwa kamanda na kwa mashirika. Lakini kazi yake ina mpaka. Kubaka, kunajisi mtoto, kuua: hayo ni ya polisi na mahakama. Hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa kreti ya bia, na kiongozi anayetaka kuyamalizia nyumbani kwake anaharibu haki ya mtoto wetu.

Tena ngazi hii haiishii hapa makazini. Tangu mwaka 2018 kuna jukwaa la taifa ambapo viongozi wa wakimbizi kutoka makazi mbalimbali ya Uganda wanakutana, na wawakilishi wao wanakaa kwenye kamati moja na serikali, wilaya, mashirika na wafadhili. Maana yake ni kwamba mtu uliyemchagua chini ya mti kijijini anaweza kuwa mwanzo wa sauti inayofika Kampala. Ukichagua mlevi kwa sababu ni wa kabila lako, basi jua kwamba umetuma mlevi akuombee.

MSTARI AU KARATASI?

Tarehe 10 Julai 2018 majirani zetu Waganda walichagua LC za vijiji kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Walikuwa wamengoja tangu 2001. Njia hii haina gharama kubwa, asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu, na hesabu inaonekana kwa macho ya wote. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaona umesimama wapi. Mume anamwona mke, mwenye duka anamwona mwenye deni.

Wakenya wanaijua hadithi hiyo. Mwaka 1988 walipiga kura ya mchujo kwa mlolongo, na sehemu nyingine watu waliona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa mshindi. Hasira ile ilisaidia kuzaa madai ya mabadiliko, na Desemba 1991 kifungu kilicholazimisha chama kimoja kikafutwa.

Kwetu sisi, ambapo Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanaishi makazi mamoja na wengine wana majeraha ya vita, jambo hili si dogo. Kabla ya siku ya uchaguzi tuulize: tutapanga mstari au tutapewa karatasi? Nani atahesabu? Matokeo yatatangazwa palepale mbele ya watu? Kuuliza hivyo si kufanya siasa. Ni kulinda amani ya kijiji.

WASIOKUWA NA KURA WALIFANYAJE?

Jamani, si sisi wa kwanza kukosa kura. Huko Uingereza, nchi inayosifiwa kwa demokrasia, wanawake walipeleka bungeni barua yenye majina karibu 1,500 mwaka 1866 wakidai kura. Hawakupewa. Waliunda vyama, wakaandamana, wengine wakafungwa. Mwaka 1918 walipata kura wale wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti fulani, na mwaka 1928 wakawa sawa na wanaume, kuanzia miaka 21. Tangu ile barua ilikuwa imepita miaka 62! Vikundi kama hivyo, ambavyo havigombei viti bali vinawasukuma wenye viti, huitwa vikundi vya shinikizo.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1992 wamama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park jijini Nairobi wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Walipigwa na polisi, wakahamia kanisani, wakakaa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa. Wale walikuwa wazee wa kijijini, bila cheo. Walichokuwa nacho ni umoja, dai moja lililo wazi, na kutochoka.

Sisi hatusemi tukagome au tukaandamane. Mahali petu na sheria yetu ni tofauti. Tunachosema ni kwamba dai likipangwa vizuri lina nguvu. Tuseme bomba la kijiji limekufa. Mtu mmoja akienda kulia ofisini anaambiwa rudi kesho. Lakini kijiji kikikutana, kikaandika: bomba limekufa tangu tarehe fulani, kaya kadhaa zinalitegemea, watoto wanatembea mwendo fulani kuchota ziwani, tunaomba jibu kabla ya tarehe fulani, RWC ikasaini, nakala ikabaki kijijini, na watu watatu wakaipeleka, mmoja wao mwanamke: hapo hata ofisa mwenye kazi nyingi anajua kwamba barua hii itafuatiliwa.

Hii si mazoezi tu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, msaada wa chakula ulikatwa kwa watu wengi sana hapa Uganda. Nani aliyeachwa kwenye orodha kwa makosa? Mjane gani, mzee gani asiye na nguvu za kulima? Majina hayo anayajua jirani, siyo kompyuta. Kijiji chenye RWC inayofanya kazi kinaweza kuyapeleka kwa utaratibu. Kijiji ambacho viongozi wake wamelala, watu wake wanalala njaa kimya kimya.

KABLA YA KUCHAGUA, TUULIZANE

Je, mgombea huyu anawasikiliza watu wa makabila yote, au wa lugha yake tu?

Akitoka mkutanoni, anarudi kutuambia yaliyosemwa?

Amewahi kuomba pesa ili asaini barua? Akiomba leo, ataomba na kesho.

Wanawake wetu wanapewa nafasi ya viti vya kazi, au wanaitwa tu kupika siku ya wageni?

NENO KWA WENYE NDUGU NG'AMBO

Wengi tuna ndugu waliohamishiwa nchi za mbali, na wanauliza hayohayo. Marekani, asiye raia asijiandikishe kupiga kura ya taifa hata akishawishiwa na rafiki. Anaweza kupoteza nafasi yake ya kuwa raia, hata kufukuzwa nchini. Kwa kawaida anaomba uraia baada ya miaka 5. Uingereza, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola kama Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wanaoishi kule kihalali wanaweza kupiga kura. Mkongo na Mrundi wanangoja uraia, ila Scotland na Wales zimewafungulia wageni wenye kibali kura za mabunge yao na za mitaa. Nayo Kongo, Desemba 2023, iliruhusu raia wake walio nje kupiga kura katika nchi 5 tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Uganda haikuwemo.

Basi wazazi, mtoto akiuliza tena utampigia nani, msimcheke. Mwambieni kura ya rais hatuna, ya kijiji tunayo, na mwendeni naye mkutanoni akaone mnavyosema bila kupigana. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Tukutane mwezi ujao.