Utambuzi wa Madhara ya Chumvi katika Mpunga wa Bonde la Ruvu, Bagamoyo

Katika mashamba ya mpunga ya bonde la chini la Ruvu, suke jeupe lenye mapepe matupu huweza kudhaniwa upesi kuwa kazi ya vipekecha shina, na mkulima akanunua kiuatilifu bure. Kiangazi, mtiririko wa mto unapopungua, maji ya bahari huweza kupanda mtoni, na chumvi nayo huacha mapepe. Jaribio la mkono husaidia: suke lililokatwa na kipekecha hung’oka kwa kuvutwa kidogo, na bua lake huwa na tundu, lililodhuriwa na chumvi hubaki limeshika. Majani hutoa ushahidi zaidi, kwani chumvi huyapausha na kuyakausha kuanzia nchani, ilhali kimyanga hutia michirizi ya manjano. Linalopotosha ni kwamba mpunga hustahimili chumvi wakati wa kuota. Hudhurika ukiwa mche mchanga na unapochanua. Shamba lililoota sawasawa, basi, haliondoi shaka. Mavuno huanza kupungua pale upitishaji umeme wa maji ya udongo unapozidi takribani desisimensi 3 kwa mita, na hilo huhitaji kipimo, si kuonja.