Metali kali: albamu za kusikiliza, na zile za kuacha

Wimbo mfupi kuliko yote katika kitabu cha rekodi cha Guinness unaitwa You Suffer. Ni wa kundi la Uingereza Napalm Death, na unachukua sekunde moja na theluthi hivi. Mtu anayeusikia mara ya kwanza hucheka. Mara ya pili anauliza kama simu yake imeharibika. Lakini wimbo huo uko ndani ya Scum, albamu ya mwaka 1987, na Scum ndiyo mlango ambao karibu kila shabiki wa graindikoa amepitia.

Graindikoa ni mtoto wa metali na panki: gitaa zilizoshushwa chini kabisa, mwimbaji anayenguruma au kupasua koo, na mpiga ngoma anayekimbia mpaka mapigo yanasikika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mapigo hayo huitwa blasti-biti. Katika inchi yetu mashabiki wake si wengi. Wanasikiliza kwa spika za masikioni, na wengi wamekwisha kuambiwa, nyumbani au kanisani, kwamba huo ni muziki wa shetani. Makala hii ni kwa ajili yao, na pia kwa kaka na dada zao wanaouliza kuna nini humo ndani.

Kwa Mkongomani aliyelelewa na rumba, njia rahisi ya kuelewa ni kufikiria sebene. Wimbo wa Kinshasa huanza polepole, mwimbaji analalamika juu ya mapenzi, halafu gitaa zinageuka, ngoma inapanda, na atalaku anaanza kupiga kelele zake. Tangu Zaïko Langa Langa ilipoleta atalaku mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuna watu wanaovumilia nusu ya kwanza ya wimbo kwa kungojea nusu ya pili tu. Graindikoa imetupa nusu ya kwanza. Inaanzia pale ambapo mpiga ngoma amekwisha kupandwa na wazimu, na inasimama kabla hajachoka. Tofauti ni kwamba sebene inakuita ucheze, na hii inakuita ukasirike.

Kukasirika juu ya nini? Hapo Scum inajibu vizuri. Napalm Death ilianzishwa mwaka 1981 na vijana wadogo wa shule huko Meriden, karibu na Birmingham, mji wa viwanda vya magari ambao wakati ule ulikuwa unapoteza kazi kwa maelfu. Albamu ilirekodiwa kwa vipande viwili: upande wa kwanza mwezi wa nane 1986, upande wa pili mwezi wa tano 1987. Katikati kundi lilivunjika, na mtu pekee anayesikika pande zote mbili ni mpiga ngoma Mick Harris. Kwa hiyo ni kama makundi mawili yenye jina moja, na sikio linatambua: upande wa kwanza una uzito wa gitaa la Justin Broadrick, upande wa pili unakimbia zaidi, na Lee Dorrian anaimba kama mtu anayefukuzwa.

Wimbo wa kufungulia albamu unashambulia makampuni makubwa ya kimataifa na kuyapa lawama ya njaa katika inchi maskini. Jalada, lililochorwa na Jeff Walker wa kundi la Carcass, linaonyesha wakubwa wenye suti wamesimama nyuma, watu wenye njaa mbele yao, na chini mafuvu pamoja na alama za makampuni. Mkaaji wa Kolwezi au Likasi hahitaji kutafsiriwa picha hiyo. Ilichorwa Uingereza, mbali na Katanga, na simu ambayo leo tunaisikilizia kelele ya Napalm Death ina kobalti ndani ya betri yake.

Anayetaka kujua Napalm Death walisikiliza nini kabla ya hapo, atafute Horrified ya Repulsion, kundi la Flint, Michigan, mji mwingine wa magari, huko Marekani. Ilirekodiwa mwaka 1986 na haikupata wa kuitoa. Miaka mitatu ilisafiri kwa posta, kaseti kwa kaseti, shabiki mmoja akimnakilia mwingine, jinsi sisi tulivyokuwa tunapitishiana nyimbo kwa Bluetooth. Ilipotolewa rasmi mwaka 1989, waliokuwa wameiiga tayari walikuwa maarufu kuliko wenyewe. Ni nusu saa ya nyimbo fupi zenye midundo inayokaa kichwani, kitu ambacho si cha kawaida katika muziki huu.

Mwaka huohuo ilitoka World Downfall ya Terrorizer, kundi la Los Angeles. Gitaa ni la Jesse Pintado, mzaliwa wa Mexico, na ngoma ni za Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador. Besi ni ya David Vincent wa Morbid Angel. Kundi lilikuwa limekwisha kuvunjika walipokusanyika studio huko Tampa, Florida, kurekodi. Kama ni lazima nichague albamu moja tu ya graindikoa, ni hii. Scum ina historia, lakini World Downfall ina ngoma. Sandoval anapiga kwa usafi ambao unafanya kasi isikike kama mashine ya kushona, na gitaa linabaki wazi, kila noti mahali pake. Pintado baadaye aliingia Napalm Death. Alifariki mwaka 2006.

Sasa lile neno gumu. Sehemu kubwa ya metali kali inaimba juu ya maiti, damu na miili iliyokatwa. Kijana wa Stockholm au Ohio anaweza kulichukua kama filamu ya kutisha ya usiku wa Jumamosi. Huku kwetu mashariki mwa Congo kuna wasomaji ambao wameona vitu hivyo kwa macho yao, si kwenye jalada. Kwa hiyo nachagua, na nasema wazi jinsi ninavyochagua.

Carcass, kutoka Liverpool, ninawapendekeza pamoja na onyo. Majalada ya kwanza ya albamu zao yalitengenezwa kwa picha za maiti, na maneno ya nyimbo yamejaa msamiati wa madaktari kiasi kwamba mwanafunzi wa udaktari wa Lubumbashi angeweza kufanya nayo marudio ya mtihani. Lakini Jeff Walker na Bill Steer walikuwa watu wasiokula nyama, na ukisikiliza vizuri hakuna adui wala mwathirika katika nyimbo zile. Kuna mwili tu, wa kila mtu, unaooza. Reek of Putrefaction ya 1988 ina sauti mbaya kama redio iliyoanguka majini, ingawa John Peel, mtangazaji mkubwa wa BBC, aliipenda sana. Symphonies of Sickness ya 1989 ndiyo ya kuanzia. Msiifungue mezani.

Yale makundi yanayotengeneza nyimbo za kubaka na kutesa wanawake kwa mzaha, na kuna tawi zima la namna hiyo, hayana nafasi katika orodha yangu. Bukavu ni mji wa Hospitali ya Panzi. Daktari Denis Mukwege alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kutibu wanawake ambao mambo hayo yaliwapata kweli. Shabiki atakayeniambia kwamba ni sanaa tu, na kwamba gitaa ni zuri, nitamjibu kwamba gitaa zuri liko kwingine pia. Vivyo hivyo Burzum wa Norwei. Mwenye kundi, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 miaka 21 ya kifungo kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kwa kuchoma makanisa. Wanaotuita sisi sote mashetani hutaja kesi hiyo kila mara. Haitusaidii kuibeba mgongoni.

Turudi kwenye muziki. Helvete, ya mwaka 2003, ni ya Nasum kutoka Örebro, Uswidi. Ni graindikoa yenye sauti nene, iliyorekodiwa vizuri, na inafaa kwa mtu anayetoka kwenye metali ya kawaida. Mwimbaji na mpiga gitaa wao, Mieszko Talarczyk, alikufa Thailand katika tsunami ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2004. Wenzake walifunga kundi, wakarudi jukwaani mwaka 2012 kwa ziara ya kuaga tu.

World Extermination ya Insect Warfare, kutoka Houston, ilitoka 2007 na haifiki dakika 25. Hakuna cha kueleza: inapiga, inakwisha. Hiss ya Wormrot (2022) inahitaji muda zaidi. Hawa ni watu watatu wa Singapore wasio na besi kabisa, na katika albamu hii wameingiza fidla katikati ya vurugu, kitu ambacho kwenye karatasi ni upumbavu na masikioni kinafanya kazi. Ndio kundi la kwanza la Singapore kupiga kwenye tamasha la Glastonbury, mwaka 2017.

Halafu kuna majirani. Mwaka 2020 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kundi la Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Sisi wasema Kiswahili tunasoma jina hilo na kumwona mnyama mwenye mbio; kwa Kikuyu, lugha waliyoikusudia, maana yake ni giza. Hakuna mpiga ngoma. Mapigo yote ni ya mashine, yanakimbia kupita uwezo wa mkono wa binadamu, na juu yake Khanja analia, ananong'ona, anapasuka. Anzeni na Lionsblood. Khanja, ambaye kwenye jukwaa anaitwa Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 chini ya jina hilo, na hiyo ni nzito zaidi.

Kampala hiyohiyo ndiyo anakofanyia kazi Mkongomani Rey Sapienz, ambaye muziki wake wa elektroniki umetolewa na kampuni ileile ya Duma. Na anayesema kelele ni ya wazungu asikilize Konono N°1 ya Kinshasa: likembe zilizounganishwa na maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, sauti ikikwaruza mpaka Ulaya wakashangaa. Mzee Mingiedi Mawangu hakuvaa fulana nyeusi, lakini alijua sauti iliyoharibika inavyoweza kupendeza.

Kuhusu mega: muziki wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu mega moja kwa dakika. Albamu nyingi nilizotaja haziendi mbali na nusu saa, kwa hiyo kwa mega 100 unapata tatu nzima na chenji. Makundi mengi yapo Bandcamp, ambako mara nyingi unaweza kusikiliza kabla ya kulipa. Mgeni kabisa aanze na Duma, kisha Helvete, kisha Scum bila kukata katikati. Horrified ifuate. World Downfall ije mwisho, siku ambayo umeme uko na jirani hayupo.