Tulipocheza Mchezo wa Majini

Siku hizi kijana akichelewa kurudi nyumbani hapa Kyimo, mama huulizia kwanza kwenye kibanda cha gemu. Humo watoto hucheza mpira na magari, lakini pia michezo ya kutisha. Ili tuzungumze kwa kujua, sisi akina mama wanne tunaojitolea kanisani tulimwomba kijana mmoja mkubwa atufundishe, tukacheza wenyewe jioni mbili.

Tulichagua Resident Evil 5, mchezo uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Capcom ya Japani. Tuliuchagua kwa sababu moja: adui zake huitwa Majini, na hupiga kelele kwa Kiswahili.

HOFU YA MCHANA

Hadithi inatokea Kijuju, eneo la kubuni la Afrika. Chris, Mmarekani, na Sheva, binti wa Kiafrika, wanaingia katika mji ambao watu wake wamevamiwa na vimelea vinavyowapotosha akili. Tulitegemea giza, kumbe jua linawaka! Wanaokujia na mapanga wamevaa nguo za kila siku, kama watu wa mnadani.

Wawili hucheza pamoja, kioo cha televisheni kikigawanywa. Risasi ni chache. Ukilenga, huwezi kutembea. Kila mmoja ana nafasi tisa tu za kubebea vitu, na ukifungua mzigo kutafuta dawa, adui hawakungoji. Mwenzako akianguka, una muda mfupi wa kumfikia. Ukichelewa, mmeshindwa wote.

Mapema kabisa mnazingirwa, jitu lenye shoka kubwa likiwa miongoni mwa adui, na kazi yenu ni kubaki hai mpaka helikopta ifike. Mmoja wetu aliweka pedi chini, viganja vimelowa jasho. Mwingine alimpigia Sheva kelele: "Dada, toka hapo!" Tulicheka, lakini mioyo ilikuwa inadunda. Mchezo unavutia, nasi tulielewa kwa nini vijana hawaondoki.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hwenda mbio, pumzi hufupika, damu huelekezwa kwenye misuli ili akimbie au apigane. Mchezaji hafanyi lolote kati ya hayo. Ameketi kwenye benchi. Mtu mzima hutulia baada ya muda, na wengine huufurahia utulivu ule. Mtoto mdogo hajaweza kutenganisha vizuri kilichobuniwa na kilichopo. Hofu huenda naye kitandani: hataki kulala peke yake, huota vibaya, pengine hukojoa ilhali alikwisha kuacha.

Watoto wetu wana jambo la ziada. Mtoto wa Osaka au London akisikia "Majini", husikia jina tu la adui. Wa Kyimo husikia neno alilokwisha kulisikia kwa watu wazima, katika lugha anayofundishwa shuleni. Akitoka kibandani jioni, ukungu umeshuka migombani na lugha ile ile inasemwa njiani. Kwake mchezo haujazimwa bado.

MAMA AFANYEJE?

Kwanza, jua jina la mchezo. Ulaya mchezo huu umewekewa alama ya 18, na Marekani ni wa miaka 17 na zaidi. Diski ikiwa haina kasha lake, alama haionekani. Basi muulize mwenye kibanda. Ni jirani yetu, na mwanawe naye analala gizani. Mwombeni saa za watoto ziwe za mpira na magari.

Pili, kijana aliye mkubwa keti naye japo mara moja, umwulize nini kinamtisha na nini kinamfurahisha. Mchezo uishe mapema, usisukumane na saa ya kulala.

Tatu, mtoto aliyekwisha kutishika usimcheke wala usimchape. Lala karibu naye siku chache. Mwambie kwamba majini yale yalichorwa na watu kwa kompyuta, na kwamba hata mama aliyacheza, akatoka jasho, kisha akaenda kupika. Wiki zikipita na usingizi haujarudi, mlete kituo cha afya tumsikilize.