Tezi Mbili za Panya Zisizolingana

Hapa Sumbawanga, mahindi yakishaingia vihengeni, panya wa kupasua darasani hatukosi. Nafundisha baiolojia, na mimi hukimbilia tezi adrenali: vijipande viwili vya milimita chache, kila kimoja jirani na figo yake.

Wanafunzi hudhani vinalingana. Wapi! Kwa panya weupe wa maabara, tezi ya kushoto kwa kawaida ni nzito kuliko ya kulia, na tezi za jike huwa nzito kuliko za dume. Hata mishipa haifanani: damu ya tezi ya kulia huingia moja kwa moja kwenye vena kuu, ya kushoto hupitia kwanza vena ya figo. Mishipa hiyo kwa binadamu ni hivyo hivyo.

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, alieleza kwamba panya wakitaabishwa kwa baridi, majeraha au sumu, tezi hizi huvimba. Sasa, anayetafuta uvimbe kwa kupima upande mmoja tu anaweza kupotoka vibaya.

Mwalimu mwenzangu, vaa glavu, pima tezi zote mbili, na uandike upande.