Fahamu Haki Yako kwa Fundi wa Simu: Kipuri Kilichotumika si Kosa, Kosa ni Kumficha Mteja

Simu ikianguka na kioo kupasuka, mkazi wa Mombasa hana safari ndefu. Kuanzia Barabara ya Digo na Mwembe Tayari hadi Kongowea na Likoni, meza za mafundi wa simu na vifaa vya elektroniki hazikosekani. Mteja huacha simu asubuhi, akatajiwa bei, na jioni huichukua ikiwaka. Mara nyingi swali moja huwa halijaulizwa wala kujibiwa: je, kioo kilichotiwa ni kipya, au kilikuwa kwenye simu ya mtu mwingine?

Jibu la swali hilo lina uzito. Kwa mwendesha bodaboda, mama mboga au mwenye duka la rejareja, simu ndiyo sanduku la pesa na ndiyo njia ya kuitwa na wateja. Akilipa bei ya kipuri kipya kisha akatiwa kilichotumika, amelipishwa kitu asichopewa. Simu ikizima wiki mbili baadaye, hupoteza pia mapato ya siku atakazokaa bila simu.

Makala haya yanaeleza aina za vipuri vilivyoko sokoni, vipi vinafaa kutumika tena na vipi ni hatari, na haki alizo nazo mteja kabla na baada ya simu kufunguliwa.

Aina nne za vipuri

Neno "orijino" hutumiwa sana mitaani, lakini halimwambii mteja mengi. Kioo kilichotolewa kwenye simu kuukuu ya kampuni ileile ni cha orijino, na bado si kipya. Ni vyema kutofautisha aina nne.

Ya kwanza ni kipuri kipya cha kampuni iliyotengeneza simu. Hiki huwa ghali zaidi, na kwa simu za zamani huenda kisipatikane kabisa.

Ya pili ni kipuri kipya kilichotengenezwa na kampuni nyingine ili kitoshee simu hiyo. Ubora wake hutofautiana. Kuna vinavyodumu, na kuna vioo ambavyo rangi zake ni hafifu au havihisi kidole vizuri.

Ya tatu ni kipuri kilichotolewa kwenye kifaa kingine kilichoharibika. Simu iliyoingia maji ikafa bodi inaweza kuwa na kamera nzima. Runinga iliyovunjika kioo inaweza kuwa na bodi ya umeme inayofanya kazi. Fundi huchomoa sehemu nzima na kuiweka akiba.

Ya nne ni kipuri kilichokarabatiwa. Mfano ulio wazi ni kioo cha simu. Mara nyingi kinachopasuka ni kioo cha juu tu, huku sehemu ya chini inayotoa picha ikiwa haijaguswa. Fundi mwenye vifaa hupasha moto, akatenganisha tabaka hizo kwa uzi mwembamba wa chuma, akasafisha gundi ya zamani, kisha akabandika kioo kipya kwa gundi angavu na kuondoa viputo vya hewa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mteja hupata picha ya kampuni asilia kwa bei nafuu.

Aina zote hizi nne zinaweza kuuzwa kwa haki. Bidhaa bandia haimo miongoni mwazo. Bandia ni ile iliyobandikwa jina au nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Kipuri kilichokarabatiwa hakiwi bandia kwa sababu ya kukarabatiwa. Lakini kopi ikitiwa kwenye pakiti yenye nembo ya kampuni maarufu, hilo ni jambo la Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008.

Kwa nini vipuri hivi vina nafasi yake

Wapo wanaoona kwamba fundi mwaminifu hapaswi kabisa kugusa kipuri kilichotumika. Kauli hiyo ingewaumiza wengi. Simu ya bei ya chini iliyonunuliwa miaka minne iliyopita inaweza kugharimu kiasi kikubwa kutiwa kioo kipya cha kampuni, kiasi kwamba mwenyewe ataona heri aitupe. Kipuri kilichotumika humwezesha mwanafunzi, kibarua au mzee kuendelea kutumia simu yake kwa kiasi anachokimudu.

Vilevile kuna suala la taka. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka wa 2022, na asilimia 22.3 pekee ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu ufaao. Ndani ya taka hizo mna risasi, zebaki na madini mengine yenye kudhuru udongo na maji. Kila kamera, spika au bodi inayorudi kazini ni kitu kimoja kilichochelewa kufika Mwakirunge.

Pale ambapo kuna hatari

Si kila kipuri kinafaa kutumika tena. Betri ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Betri za lithiamu huchakaa kwa ndani, kwa mabadiliko ya kikemikali, kila zinapochajiwa na kutumika. Nyingi za simu huundwa ili zibaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi ya chaji kamili. Uchakavu huo hauondolewi kwa kusafisha wala kwa kubandika lebo mpya. Betri kuukuu iliyovishwa karatasi mpya inabaki kuwa betri kuukuu. Isitoshe, betri iliyoharibika inaweza kuvimba kwa gesi, kupata joto kupita kiasi na hata kushika moto. Mafundi wanashauriwa wasimtie mteja betri iliyotumika, hata akiomba kwa sababu ya bei. Mteja anaweza kukubali kioo chenye mkwaruzo, lakini moto ukitokea usiku, watakaoungua ni pamoja na watoto waliolala chumba hichohicho, ambao hawakuulizwa.

Cha pili ni bodi kuu. Bodi hubeba namba ya utambulisho ya simu, na huhifadhi picha, ujumbe na majina ya mwenye simu. Bodi ikitoka kwenye simu ya wizi, mteja asiye na hatia anaweza kujikuta akihojiwa na polisi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai chini ya Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufikia miaka 14 gerezani. Fundi anayenunua simu mbovu za kuchomoa vipuri anapaswa kumjua aliyemuuzia na kuandika kumbukumbu ya mauziano. Pia, kabla ya kuuza bodi, afute taarifa zote za mmiliki wa kwanza.

Jambo la tatu linahusu Pwani hasa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula miguu ya shaba ya vipuri. Kipuri kilichokaa miezi kwenye ndoo kando ya barabara kinaweza kuwaka siku ya kwanza kisha kikafa. Aidha, simu iliyoundwa kuzuia maji hupoteza kinga hiyo ikifunguliwa bila kutiwa mpira au gundi mpya pembezoni. Mteja anayevuka Likoni kila siku, au anayefanya kazi ya uvuvi, anastahili kuambiwa hilo.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma.

Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaingia ndani zaidi. Kusema kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika au imekarabatiwa kunahesabiwa kuwa maelezo ya uongo kwa mteja.

Kaunti nazo zina wajibu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia biashara katika maeneo yao, zikiwemo leseni za biashara na desturi za haki sokoni. Jedwali hilohilo linaziachia pia kazi ya uzoaji taka.

"Mteja hakuuliza"

Utetezi unaosikika sana ni huu: mteja alitaka simu iwake, simu imewaka, na hakuuliza kioo kimetoka wapi. Hoja hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa. Mteja hawezi kuuliza kuhusu kitu asichokiona wala asichojua kwamba kipo. Anayefungua simu ni fundi, na yeye peke yake ndiye ajuaye kilichotoka na kilichoingia. Kwa hiyo wajibu wa kusema uko kwake.

Tuseme kioo kipya ni Sh6,000 na kilichokarabatiwa ni Sh3,500. Fundi akimtajia mteja bei zote mbili na sababu zake, mteja akachagua cha Sh3,500, hakuna aliyedhulumiwa. Fundi akitia kile cha Sh3,500 na kudai Sh6,000, ameuza jina la kitu badala ya kitu chenyewe. Na akitoza Sh3,500 bila kueleza chochote, bado kuna kasoro, kwa kuwa mteja ataondoka akidhani ana kioo kipya cha bei rahisi, na atakapokwenda kwa fundi mwaminifu wa jirani atamwona mwizi.

Hapo ndipo udanganyifu wa mmoja unapowaumiza wote. Fundi anayesema kweli huonekana ghali, na anayeficha huonekana nafuu. Vipuri vikitajwa kwa majina yake, wateja wataweza kulinganisha bei kwa haki, na fundi mwenye ujuzi atapata malipo ya ujuzi wake.

Ni kweli pia kwamba fundi mwenyewe hudanganywa. Huletewa pakiti iliyofungwa vizuri na kuambiwa ni kipya, kumbe sivyo. Njia ya kujikinga ni kununua kwa muuzaji anayetoa risiti, kukijaribu kipuri kabla ya kukigandisha, na kutomwahidi mteja jambo ambalo fundi mwenyewe hajalithibitisha. Kumwambia mteja "niliuziwa kama kipya, na nakupa dhamana ya mwezi mmoja" ni kauli ya haki.

Kabla hujaacha simu

Wananchi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Uliza kipuri ni cha aina gani kati ya zile nne, na bei ya kila aina inayopatikana.

2. Uliza dhamana ni ya muda gani na inahusu nini. Kipuri kilichotumika kinaweza kuwa na dhamana fupi, lakini kisikose kabisa.

3. Bonyeza *#06# uandike namba ya utambulisho ya simu. Bonyeza tena unapoichukua. Namba ikiwa tofauti, bodi iliyomo huenda si yako, na fundi anapaswa kueleza.

4. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya pesa.

5. Omba urudishiwe kipuri cha zamani. Hivyo utajua kwamba kweli kimebadilishwa, na hakuna aliyechomoa kizima akaweka kibovu.

6. Dai risiti inayotaja kipuri na hali yake: kipya, kilichotumika au kilichokarabatiwa. Neno "matengenezo" peke yake halitoshi.

7. Betri ikivimba, usiichaji, usiitoboe wala usiitupe kwenye pipa la nyumbani. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na uipeleke kwa fundi au wakusanyaji wa taka za elektroniki.

Ukiona umedanganywa

Anza kwa fundi mwenyewe, ukiwa na risiti na simu. Mizozo mingi humalizika mezani hapohapo kwa kubadilishiwa kipuri au kurudishiwa tofauti ya bei. Isipowezekana, wasilisha malalamiko katika afisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe. Ikiwa bidhaa ina nembo bandia, Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ndiyo inayohusika.

Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na huduma. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kwa mafundi, hatua ya kwanza haigharimu chochote zaidi ya kalamu. Panga vipuri katika visanduku vitatu, vipya, vilivyotumika na vilivyokarabatiwa, kila kimoja na bei yake, mahali ambapo mteja anaweza kuviona. Kizuri chajiuza. Atakayechagua cha bei ya chini atakuwa amechagua mwenyewe, naye akirudi mwaka ujao, atarudi kwenye meza hiyohiyo.