Leseni ya Kuwinda Bata Katika Mto wa Mpakani

Leseni ni ruhusa itolewayo na serikali, na nguvu yake hukoma pale mamlaka ya serikali hiyo yanapokoma. Katika nchi kavu jambo hili ni jepesi kufahamika, kwani mpaka huwa na nguzo, barabara au mstari wa miti. Juu ya maji mambo huwa mengine. Maji hayana nguzo, na bata mwitu aliyelala ukingo huu aweza kula ukingo wa pili kabla jua halijapanda. Mtu aliyetoka nyumbani na leseni halali mfukoni aweza, baada ya kupiga kasia mara kumi tu, kuwa mkosaji mbele ya sheria ya majirani zake.

Vyama vya msingi vilivyo kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Jipe, Mto Ruvuma na Mto Songwe vinaufahamu vema mkasa huo kwa upande wa uvuvi. Makala haya yanaeleza jinsi majimbo mawili ya Marekani, Vermont na New Hampshire, yalivyoutatua kwa upande wa uwindaji wa ndege wa majini katika Mto Connecticut. Nchi hiyo iko mbali na bata wake ni wengine, lakini swali ni lile lile, na jibu lililopatikana lastahili kutazamwa na kila katibu wa chama ambacho wanachama wake hutafuta riziki katika maji yenye wenyewe wawili.

MPAKA UKO WAPI?

Mto Connecticut una urefu wa kilometa 660 hivi. Huanzia karibu na mpaka wa Kanada, huteremka kusini ukiyatenga majimbo hayo mawili, Vermont magharibi na New Hampshire mashariki, kisha hupita majimbo ya Massachusetts na Connecticut hadi kuingia baharini.

Mgeni atazamaye mto huo hudhani kwamba mpaka umepita katikati ya maji. Sivyo. Mwaka 1764 Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliamuru ukingo wa magharibi wa mto huo uwe mpaka wa New Hampshire. Wakati huo Vermont ilikuwa haijawa jimbo. Iliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1791. Ubishi juu ya mstari huo uliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1915 Vermont ilipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu ilitolewa mwaka 1933: mpaka ni alama ya maji yanapopungua kabisa, kwenye ukingo wa magharibi. Kwa maneno mengine, mto karibu wote ni mali ya New Hampshire, na mtu wa Vermont alowekaye miguu yake majini huwa amekwisha kutoka katika jimbo lake.

Tena lipo jambo la pili lililo gumu zaidi. Mahakama ilisema kwamba alama hiyo ihesabiwe mahali ambapo maji yangefika kama pasingejengwa kitu chochote mtoni. Baada ya hukumu hiyo yalijengwa mabwawa ya umeme kama Wilder na Moore, na maji yakapanda juu ya nchi kavu ya zamani. Hivyo zipo sehemu ambapo mpaka umezama, na mtu aliye ndani ya mashua hana njia ya kuuona kwa macho. Ili mstari huo usisahauliwe, wanasheria wakuu wa majimbo hayo wana wajibu wa kukutana kila baada ya miaka 7 na kuuthibitisha upya.

MWINDAJI KATI YA SHERIA MBILI

Chukua mfano wa mkulima wa Vermont ambaye shamba lake lapakana na mto. Amekata leseni ya jimbo lake. Alfajiri anajificha katika matete ya upande wake na kumpiga bata arukaye. Bata yule anaangukia majini, mkondo unamchukua kuelekea ukingo wa mashariki. Sheria ya nchi nzima yamtaka mwindaji afanye kila juhudi ya haki kumtafuta na kumwokota ndege aliyempiga, asimwache akaoza bure. Lakini kama leseni yake yakoma kwenye matete, kila hatua anayopiga majini na bunduki mkononi yampeleka mahali asipokuwa na ruhusa. Akimwacha ndege amekosa. Akimfuata vilevile aweza kuwa amekosa.

Huo ndio ugumu wa kweli wa maji ya mpakani. Haumkabili mwizi peke yake. Humkabili hata mtu mwaminifu atakaye kutii sheria zote kwa pamoja.

SHERIA YA SERIKALI KUU

Kabla ya kueleza mapatano ya majimbo hayo, yafaa ifahamike kwamba ndege wahamao hawamilikiwi na jimbo moja. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, wa kuwalinda ndege hao. Sheria ya kuutekeleza ikapitishwa mwaka 1918. Jimbo la Missouri lililalamika kwamba mamlaka yake yameingiliwa, lakini mwaka 1920 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkataba huo una nguvu. Tangu hapo Serikali Kuu huweka mipaka ya jumla ya misimu na ya idadi ya ndege, na kila jimbo huchagua tarehe zake ndani ya mipaka hiyo.

Kanuni zifuatazo za Serikali Kuu humfuata mwindaji kila aendako, awe ukingo huu au ule:

1. Kila mwindaji wa bata na bata bukini mwenye umri wa miaka 16 au zaidi sharti awe na stempu ya ndege wahamao. Stempu hiyo ilianzishwa mwaka 1934 kwa bei ya dola 1, na tangu mwaka 2015 bei yake ni dola 25. Katika kila dola, senti 98 hutumika kununua na kuhifadhi maeneo ya majimaji ambamo ndege huzaliana. Stempu ya karatasi haina nguvu mpaka mwenyewe aitie saini yake kwa wino.

2. Bunduki ya marisau hairuhusiwi kuwa na zaidi ya risasi tatu kwa mara moja.

3. Marisau ya madini ya risasi yamekatazwa katika uwindaji wa ndege wa majini nchini kote tangu mwaka 1991. Ndege walikuwa wakiyameza marisau yaliyotuama katika tope na kufa kwa sumu. Badala yake hutumika marisau ya chuma au ya madini mengine yaliyoruhusiwa.

4. Saa za kuwinda huanza nusu saa kabla ya kuchomoza jua na kwisha jua linapotua.

MAPATANO YA ENEO MOJA

Majimbo yenyewe yangeweza kuwaweka askari katika kila ukingo na kuwakamata watu mwaka hadi mwaka. Badala yake yalichagua kuufanya mto na kingo zake kuwa eneo moja la uwindaji, liitwalo Eneo la Mto Connecticut.

La kwanza la kuzingatia ni jinsi eneo hilo lilivyopimwa. Mstari uliozama chini ya maji haukutumiwa kabisa. Eneo limewekewa mipaka ya barabara. Upande wa Vermont mstari huanza na barabara kuu ya 91 kutoka mpaka wa Massachusetts, ukaendelea kwa barabara nyingine hadi Kanada. Upande wa New Hampshire huanza na barabara ya 63 na kuendelea kaskazini kwa namna hiyo hiyo. Barabara huonekana na kila mtu, mjuzi na asiye mjuzi, mchana na usiku. Mwindaji hahitaji kuwa mpima ardhi ili ajue yuko ndani au nje.

La pili ni leseni. Mkazi wa Vermont mwenye leseni ya jimbo lake imruhusuyo kuwinda ndege wa majini aweza kuwinda ndege hao katika sehemu ya eneo hilo iliyo New Hampshire. Mkazi wa New Hampshire naye ana haki hiyo hiyo katika sehemu iliyo Vermont. Kila upande umetoa na kila upande umepokea.

La tatu ni msimu. Haingefaa kitu leseni ikubaliwe pande zote ilhali tarehe za kufungua na kufunga zinapishana. Kwa hiyo tarehe na idadi ya ndege katika eneo lote hupangwa na New Hampshire, na Vermont huzifuata. Kwa njia hii bata wa mkulima wetu aweza kuokotwa ukingo wowote, na askari wa wanyamapori wa pande zote mbili husoma kanuni moja.

MAPATANO HAYAFIKI WAPI?

Mapatano mema hueleza pia mahali yanapokoma. Haya ni ya ndege wa majini tu. Mtu awindaye paa au mnyama mwingine hana nafuu yoyote ndani yake. Ni ya wakazi wa majimbo hayo mawili. Mtu wa jimbo la tatu, mathalan Massachusetts, sharti akate leseni ya mgeni. Hayaondoi stempu ya Serikali Kuu. Wala hayampi mtu ruhusa ya kuingia katika shamba ambalo mwenyewe ameweka mabango ya kukataza uwindaji. Nje ya zile barabara, kila jimbo hurudi katika sheria zake lenyewe.

FUNZO KWA VYAMA

Katika Afrika Mashariki hatua za namna hii hazikosekani. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini huko Kisumu mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja, ili kuoanisha utunzaji wa samaki. Nchi zote tatu zimo pia katika mapatano ya mwaka 1995 ya kuhifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, yatakayo pia kuondolewa kwa marisau ya madini ya risasi katika maeneo ya majimaji. Hata hivyo leseni bado hutolewa na kila nchi peke yake, na sheria zenyewe hazifanani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, ilhali Tanzania huuruhusu kwa leseni. Na mto kama Songwe, ambao hubadili njia yake mara kwa mara, waweza kumwacha mtu akishangaa ni nchi gani aliyosimama.

Kwa mintarafu hiyo, kila katibu wa chama kilicho mpakani hana budi kuwa na majibu ya maswali manne kabla msimu haujafunguliwa. Mpaka hasa uko wapi, na alama gani ya nchi kavu yaweza kuwaonyesha wanachama? Leseni waliyo nayo yatambuliwa upande wa pili, au la? Tarehe za pande zote mbili ni zipi? Na mali ya mwanachama ikichukuliwa na maji hadi ng'ambo, aende kwa nani kabla ya kuvuka?

Majibu hayo yaandikwe, yasomwe katika mkutano wa wanachama na yabandikwe ukutani ofisini. Pale ambapo jibu halipo, chama kisiwaache wanachama walitafute wakiwa majini. Halmashauri ya chama ilipeleke swali kwa maandishi kwa ofisi ya uvuvi au ya wanyamapori ya wilaya, na nakala iletwe kwa Chama Kikuu. Mapatano ya Mto Connecticut yalifanywa na serikali, lakini tatizo lililoyazaa lilikuwa la watu wa kando ya mto. Serikali haiwezi kutatua tatizo ambalo halijaandikwa na kufikishwa mbele yake.